Miezi Kumi na Minane Bila Mechi: Wanavikapu Wachanga wa Vyuo vya Mlima Kenya

Agosti ikiisha na mabasi yakianza kuteremsha wanafunzi wa mwaka wa kwanza mjini Nyeri, Karatina, Kutus, Embu, Chuka na Meru, wapenzi wa vikapu vyuoni huwa na kazi moja: kutafuta warefu. Nahodha wa timu husimama karibu na foleni ya usajili akipima vichwa kwa macho. Akimwona kijana aliyeinama kidogo mlangoni, humwendea na kumuuliza alisoma shule gani, alicheza nafasi gani, viatu vyake ni saizi gani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika timu iliyomaliza msimu uliopita ikiwa na wachezaji saba wanaojiweza, mgeni mwenye urefu wa mita moja na tisini hutazamwa kama tabibu.

Kufikia Novemba maneno yamebadilika. Mgeni amepoteza mpira mara nyingi kuliko alivyofunga. Ametolewa nje kwa makosa matano kabla ya robo ya nne kuanza. Hakuja mazoezini wiki nzima, na alipokuja alikuwa akichechemea. Wakubwa wanasema mafresha wa siku hizi wana vichwa vikubwa. Kocha anasema hawana nidhamu. Mashabiki, ambao huwa hawazidi thelathini, wanasema kijana hana kipaji, ana kimo tu.

Maelezo haya mawili, kukosa nidhamu na kukosa kipaji, yamezoeleka mno. Yapo wanayoyaeleza, kwani wavivu wapo na wasiojaliwa wapo. Ila hayaelezi kwa nini jambo lilelile hurudi kila mwaka, katika kila chuo cha eneo hili, kwa vijana wenye tabia tofauti kabisa. Ugonjwa unaompata kila mgeni aingiaye nyumba fulani hutafutwa ndani ya nyumba. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya mateso ya wachezaji hawa wachanga hutokana na kalenda.

Tuanze na shule za upili. Katika utaratibu wa michezo ya shule nchini Kenya, mpira wa vikapu ni mchezo wa muhula wa kwanza, pamoja na magongo, mpira wa mikono na raga ya wachezaji kumi na watano. Timu huanza katika kaunti ndogo, ikishinda hupanda hadi kaunti, kisha kanda, kisha fainali za kitaifa, na wachache sana huendelea hadi mashindano ya Afrika Mashariki ya FEASSSA katikati ya mwaka. Anayeng'olewa mapema amemaliza msimu wake wa mashindano kabla mvua za masika hazijashika. Muhula wa pili ni wa soka na voliboli, na wa tatu ni wa mitihani.

Hapo ndipo miji ya Mlima Kenya inapopata hasara ya pekee. Mlima ni mmoja, lakini kanda za michezo ya shule hufuata mipaka ya mikoa ya zamani. Shule ya Nyeri au Kirinyaga iko Kanda ya Kati, na ili ifike kitaifa lazima ipite kwenye shule za Kiambu zilizo jirani na Nairobi. Shule ya Embu, Chuka au Meru iko Kanda ya Mashariki, pamoja na Machakos na Makueni. Shule ya Nanyuki, mji ambao mtu wa Nyeri huuona kama jirani wa pua na mdomo, iko Bonde la Ufa, kapu moja na Laiser Hill ya Ongata Rongai, miongoni mwa miamba wa vikapu vya shule nchini. Basi kijana wa Nyeri na kijana wa Nanyuki wanaweza kumaliza miaka minne ya sekondari bila kukutana uwanjani hata mara moja kwenye mashindano rasmi, kisha wakajikuta timu moja chuoni, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye hajui kucheza.

Sasa hesabu miezi. Chukua mwanafunzi wa kidato cha nne wa mwaka 2024. Timu yake ikitolewa Machi, hana mechi nyingine ya shule. Anaingia kwenye marudio, anafanya mtihani wa KCSE Novemba, anapata matokeo Januari 2025, anasubiri kupangiwa chuo, na anaripoti mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba. Kutoka mechi yake ya mwisho hadi mazoezi yake ya kwanza chuoni imepita takriban miezi kumi na minane. Katika muda huo yuko nyumbani Othaya, Mukurwe-ini au Runyenjes, akisaidia shambani, akiendesha boda boda ya mjomba au akiuza duka. Uwanja wa karibu wenye ringi ni wa shule aliyomaliza, nao una lango na bawabu.

Miezi hiyo haifuti kila kitu. Mkono wa kurusha haupotei sana, na ndiyo maana fresha huvutia macho siku ya kwanza anapopasha misuli peke yake. Kinachoyeyuka ni yale yasiyoonekana: miguu ya kulinda kwa kuteleza upande, pumzi ya kukimbia kurudi nyuma baada ya kukosa, na hasa jicho la kusoma mchezo mbele ya watu tisa wanaosonga. Zaidi ya hayo, mwili wenyewe umebadilika. Wavulana wengine huongezeka kimo hata baada ya miaka kumi na minane, na karibu wote huongezeka uzito. Kijana anarudi uwanjani na mwili ambao hajawahi kuuchezea mechi.

Kundi lililofanya KCSE mwaka 2024 lilikuwa na mkosi wa ziada. Lilijiunga na kidato cha kwanza Agosti 2021, likapitia mihula iliyofupishwa kufidia muda uliopotea shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na michezo ya shule ilikuwa bado haijarejea lilipoanza. Mwezi uleule wa Agosti 2021, timu ya taifa, Morans, ilikuwa Kigali kwenye AfroBasket kwa mara ya kwanza baada ya miaka 28, ikiwa imefuzu kwa kuilaza Angola 74-73 mjini Yaoundé mwezi Februari kwa kikapu cha dakika ya mwisho cha Tylor Ongwae. Hivyo kizazi kimoja kilipata ndoto kubwa na msimu mfupi kwa wakati mmoja.

Wanafikaje vyuoni? Kwa vyuo vya umma vya eneo hili, jibu ni kwa bahati. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilicho nje kidogo ya mji wa Nyeri kwenye barabara ya Mweiga, hakipeleki wawakilishi kwenye fainali za shule kuahidi watu nafasi. Sawa na Karatina, Kirinyaga, Embu, Chuka na Meru, wanafunzi wake wengi hupangwa na KUCCPS, taasisi ya serikali ya kupanga wanafunzi vyuoni, kwa alama na chaguo la kozi. Kocha hujua Septemba ni nani ameletwa na hisabati na fizikia. Mwaka mmoja anapata masenta watatu bila mchezeshaji, mwaka unaofuata wachezeshaji wanne na hakuna wa kuruka.

Vyuo vya kibinafsi vya Nairobi na viunga vyake vimejipanga vingine. Strathmore, USIU na Zetech wamekuwa na timu katika Ligi Kuu ya Shirikisho la Mpira wa Vikapu la Kenya, wanafuatilia wachezaji wakiwa bado shuleni, na aliyechaguliwa huanza mazoezi mapema. Madina Okot alitoka Kaya Tiwi kule Kwale akaenda Zetech, akacheza ligi na wanawake watu wazima, kisha akavuka hadi Mississippi State na baadaye South Carolina, vyuo vikubwa vya Marekani. Aliporuka ng'ambo tayari alikuwa amesukumwa na kuangushwa na watu waliomzidi umri. Mchezaji wa Nyeri anayelinganishwa naye huwa hajapewa ngazi hiyo ya kati.

Lakini kalenda haijamaliza kazi yake. Kuna jambo ambalo mashabiki wa nje hawalioni: katika vyuo vyetu, hasa vya teknolojia, wakubwa hutoweka. Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne huenda kwenye mafunzo ya nyanjani kwa miezi kadhaa, mmoja Mombasa, mwingine Naivasha, mwingine kwenye kituo cha umeme huko mto Tana. Uhandisi ni miaka mitano, na mwaka wa tano ni wa mradi wa mwisho ambao hautaki utani. Kwa hiyo timu inayoonekana kwenye karatasi kuwa na wachezaji kumi na wanane, siku ya safari ina tisa, na watano kati yao ni mwaka wa kwanza na wa pili.

Fresha anaanzishwa kwa sababu hakuna mwingine. Anacheza dakika thelathini na tano, anapigwa, anajifunza kidogo. Kisha wakubwa wanarudi na yeye anarudi benchi bila neno. Kijana wa miaka kumi na tisa hutafsiri hilo kuwa hukumu: nilishindwa, nimeondolewa. Hakuna aliyemweleza kwamba alipanda kwa sababu ya ratiba na akashuka kwa sababu ya ratiba. Nadhani hapa ndipo timu nyingi zinapopoteza watu wao wazuri, si kwenye kipigo chenyewe. Kipigo huvumilika. Kupandishwa na kushushwa bila maelezo ndiko kunakomfanya mtu akumbuke ghafla kwamba ana kazi ya darasani.

Na uwanjani hasa, nini huharibika? Kwanza, mpira. Shuleni, kijana mwenye kipaji hupewa mpira chini ya ringi yake akaupeleka mwenyewe hadi mwisho, akipiga chenga wanne njiani, huku wenzake wakitazama kama mashabiki. Chuoni hubanwa uwanja mzima. Anapovuka mstari wa kati akiwa amekimbilia kona, watu wawili humjia, mstari wa pembeni unakuwa beki wa tatu, na ana sekunde tano tu za kuushika mpira akiwa amebanwa. Mkongwe hutoa pasi kabla ya mtego kufunga. Fresha husubiri aone mtego kwanza. Robo moja ya namna hiyo inatosha kuzaa mwanya wa pointi kumi na tano, na kocha anayepaza sauti kutoka pembeni, "Pasi! Pasi!", anamwambia kijana kitu anachokijua tayari. Asichojua ni lini.

Pili, makosa. Mlinzi mchanga hulinda kwa mikono kwa sababu miguu imechelewa. Waamuzi wa ligi hupuliza kosa ambalo kwenye mechi za kaunti ndogo lilipita kama salamu. Kwa kosa la tatu kabla ya mapumziko, kocha anamtoa, na mwenye kumpokea ni mchanga zaidi.

Tatu, saa. Kanuni za FIBA zinataka timu irushe ndani ya sekunde 24. Viwanja vingi vya wazi vya shule na vyuo havina saa hiyo, hivyo mchezaji amezoea kuzungusha mpira hadi aone nafasi. Akifika Nairobi kwenye ukumbi wenye saa inayowaka, macho yake huhamia kwenye tarakimu. Anarusha ikiwa imebaki tisa kwa hofu, au anasahau kabisa na king'ora kinamkuta ameshika mpira. Jambo hili linaweza kufundishwa kwa simu ya mkononi na filimbi, na inashangaza ni mara chache kiasi gani hufanywa.

Tusidhani kwamba haya ni ya wanyonge tu. Aprili 2025, katika nusu fainali ya vyuo vya Marekani mjini San Antonio, Duke ilikuwa mbele ya Houston kwa pointi 14 katika kipindi cha pili. Duke ilianza na vijana watatu wa mwaka wa kwanza, mmoja wao Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, mwenye urefu wa mita 2.18. Maluach alianza kucheza akiwa na miaka 13, akapitia akademia ya NBA nchini Senegal, akachezea City Oilers ya Kampala kwenye ligi ya Afrika, na kufikia Duke alikuwa ameshacheza Kombe la Dunia na Olimpiki. Usiku huo hakupata ribaundi hata moja. Houston, timu ya watu wazima ambayo J'Wan Roberts alikuwa nayo tangu 2019, ilisukuma, ikasubiri, na Roberts akafunga mitupo miwili huru sekunde za mwisho. Mwisho ulikuwa 70-67. Miezi miwili baadaye Maluach alichaguliwa wa kumi katika uteuzi wa NBA. Ikiwa kijana wa namna hiyo aliweza kumezwa usiku mmoja na wakongwe, fresha wa Karatina aliyetoka miezi kumi na minane ya kukamua ng'ombe anastahili subira kidogo.

Kuhusu viwanja, malalamiko ni mengi na mengine ni ya haki. Viwanja vingi vya eneo hili ni vya saruji na viko wazi kwa mvua. Huku mvua ni misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na msimu wa pili huangukia palepale fresha anapopaswa kuwa anajifunza. Jua la ikweta halina mzaha: huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro mwaka mzima, na madarasa mengi huisha saa kumi na moja. Chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, huweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa juma wakati wa msimu. Nyeri kikomo huwekwa na jua. Ukiondoa siku za mvua na siku za majaribio ya darasani, timu inapata labda mazoezi matatu mafupi kwa juma, nusu yake yakifanywa gizani.

Saruji pia hula vifundo vya miguu. Kuteguka kifundo ndilo jeraha la kawaida zaidi katika mchezo huu duniani kote, na mchezaji mchanga huongeza kosa la pili: hurudi mapema kwa kuogopa kupoteza nafasi. Viatu ni vya mitumba, vimenunuliwa Gikomba au soko la Karatina, vizuri kwa sura lakini soli imeshakufa. Sina ugomvi na mitumba. Wengi wasingecheza bila hiyo. Ila kiatu chenye soli laini kama sahani juu ya saruji yenye umande wa Julai ni mwaliko wa magongo.

Fedha na masomo nitavipitia haraka kwa kuwa havimhusu mwanavikapu peke yake. Mkopo wa HELB ukichelewa, mchezaji hula mara moja kwa siku, na aliyekula mara moja hawezi kukimbia robo nne. Akifeli yuniti moja, wazazi husikia neno "mpira" na kesi inaishia hapo.

Wasichana wana shida zote hizi na nyingine juu yake. Katika kozi za uhandisi wao ni wachache, hivyo timu yao huchaguliwa kutoka kundi dogo, na mara nyingi fresha huanzishwa wiki aliyofika. Uwanja ukiwa mmoja, wavulana huuchukua saa kumi na moja na wasichana hupewa saa kumi na mbili, yaani giza na njia ya kurudi hosteli za nje ya chuo. Sijui kocha anayeweza kutetea mpangilio huo akiulizwa hadharani, lakini upo, na kuubadilisha hakuhitaji hata shilingi.

Kuna wanaosema dawa ni ukumbi wa ndani. Ukumbi utasaidia na hakuna anayeukataa. Lakini ukumbi haurudishi miezi kumi na minane, wala hauwaondoi wakubwa kwenye mafunzo ya nyanjani. Wengine wanangoja mtaala mpya. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia shule za upili za juu, na mojawapo ya mikondo mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kundi hilo litafika vyuoni 2029. Huenda likaja limeiva zaidi, ikiwa shule zilizopewa mkondo huo zitakuwa na walimu na ringi. Hata hivyo, pengo kati ya mtihani na chuo litakuwepo vilevile isipokuwa mtu aamue kulijaza.

Na kulijaza kunawezekana. Vyuo hivi vimepangana kuuzunguka mlima: Nyeri, Karatina, Kutus, Embu, Chuka, Meru. Safari ya mechi kati ya majirani wawili ni ya kwenda na kurudi siku moja kwa basi la chuo. Matokeo ya KCSE hutoka Januari na barua za kujiunga hufuata miezi kadhaa baadaye, hivyo kocha anaweza kujua mapema ni nani anakuja na kumwita mazoezini Julai badala ya kumvizia kwenye foleni. Shindano fupi la wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili pekee, wikendi mbili za Septemba kabla ya mvua, lingewapa mechi ambazo hakuna mkubwa wa kuwaokoa na hakuna pointi za ligi za kupoteza. Shirikisho la michezo ya vyuo vikuu, KUSF, halihitajiki hata kutoa kombe.

Wakuu wa michezo wa vyuo hivi wanajuana kwa majina na nambari zao za simu wanazo. Wapigiane kabla ya Julai, na kila kocha, siku ya kwanza ya mazoezi, amweleze fresha wake wazi: utacheza sana mwezi huu, utakaa benchi wakubwa wakirudi, na yote mawili yamo kwenye mpango.